Alfajiri, Dhuha na Adhuhuri



Vijana wetu wana mchezo wao barazani baada ya swala ya Isha. Mmoja huuliza: katika hadithi zilizotolewa kwa sehemu tatu, ipi iliyo bora kuliko zote? Basi hapo huzuka mabishano ya filamu za Marekani na za Bara Hindi, na ya riwaya pia, na kila mmoja huitetea yake kama mtu anayetetea shamba la urithi. Usiku mmoja walinigeukia mimi, nadhani kwa kutaka kicheko, wakaniuliza: "Na wewe Maalim, unavyo vitatu vyako?" Nikawajibu kuwa ninavyo. Wakanyamaza, kwani hawakulitazamia jibu hilo. Usiku ulikuwa umekwenda, sikuwahi kuwaeleza, na haya ndiyo maelezo niliyowaahidi.

Waarabu kitu cha namna hii hukiita "thulathiya". Kwa Kiswahili sipendi kusema "utatu", maana neno hilo wenzetu Wakristo wameshalishika kwa itikadi yao. Nitasema "vitabu vitatu" tu na msomaji atanifahamu. Wasomao Kiarabu wakisikia "thulathiya" huenda moja kwa moja kwa Najib Mahfudh na riwaya zake tatu za mitaa ya Kairo, zilizotoka mwaka 1956 na 1957, naye akaja kupewa tuzo ya Nobel mwaka 1988. Sina ugomvi nazo. Lakini katika mji huo huo wa Kairo, kabla ya riwaya hizo, yalikwisha andikwa matatu mengine ambayo si hadithi ya kubuni, nayo ndiyo yangu: "Fajr al-Islam", "Dhuha al-Islam" na "Dhuhr al-Islam", yaani Alfajiri ya Uislamu, Dhuha yake, na Adhuhuri yake. Mwandishi wake ni Ahmad Amin.

Ahmad Amin alizaliwa Kairo mwaka 1886. Baba yake alikuwa mwanachuoni wa Azhar, mtu mkali katika malezi, na mtoto akavishwa kilemba akaingia Azhar angali mdogo. Kisha ilipofunguliwa skuli ya kufundisha makadhi mwaka 1907 akajiunga nayo, akahitimu, akafundisha hapo, na baadaye akawa kadhi katika mahkama za sharia. Kiingereza alijifunza akiwa mtu mzima. Mwaka 1914 yeye na wenzake walianzisha jumuiya ya kutunga, kufasiri na kuchapisha vitabu, naye akawa mwenyekiti wake kiasi cha miaka arubaini mpaka alipokufa. Mwaka 1926 akahamia Chuo Kikuu cha Kairo, kitivo cha fasihi, kwa kuitwa na Taha Husein. Haya yote ameyasimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, "Hayati", kilichotoka mwaka 1950, na kwa unyofu wa kalamu sijaona wengi waliomfikia.

Sasa tazama jinsi vitabu hivi vilivyoanza. Walikaa watu watatu wakaagana: Taha Husein, Abdul Hamid al-Abbadi, na Ahmad Amin. Walitaka kuiandika historia ya Uislamu kwa namna mpya, wakagawana kazi kama wanavyogawana wavuvi vipande vya jarife. Taha Husein achukue fasihi, al-Abbadi achukue siasa na dola, na Ahmad Amin achukue uhai wa akili: elimu, itikadi, madhehebu, na fikra zilizoingia kwa Waislamu kutoka kwa mataifa mengine. Ahadi ilikuwa nzuri. Lakini kila mmoja ana shughuli zake, na katika watatu ni mmoja tu aliyeleta kipande chake. Taha Husein aliandika dibaji ya kitabu cha kwanza cha mwenziwe, na sehemu yake yeye haikutoka. Wala ya al-Abbadi haikutoka. Basi vitabu vitatu nivipendavyo ni theluthi moja ya kazi iliyokusudiwa.

"Fajr al-Islam" kilitoka mwishoni mwa miaka ya 1920. Kinaanza na Waarabu katika Jahiliya, kinapita katika kuja kwa Uislamu na futuhi, na kinakwisha pamoja na dola ya Bani Umayya mwaka 132 Hijria, sawa na 750 Miladia. Sisi tuliosoma madrasa tulizoea historia ya makhalifa: fulani alitawala miaka kadha, akafa, akashika mwanawe. Hapa mtu anakuuliza mambo mengine. Masahaba walipotawanyika, nani alikwenda Kufa na nani alikwenda Basra, na alibeba elimu gani? Kwa nini watu wa Iraq walizidi kutumia rai na watu wa Hijazi wakazidi kushika riwaya? Mfursi aliposilimu, aliingia na nini kichwani mwake? Nilikuwa kijana nilipoyasoma hayo mara ya kwanza, na kwa siku nyingi sikuweza kusoma jina la mji katika isnadi ila nilijiuliza pale mjini palikuwa na nini.

Nakala niliyoisoma ilikuwa ya mwalimu wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Karatasi zake zilikuwa zimegeuka rangi ya samli, na jalada limeshonwa kwa uzi wa nyavu. Katika hashiya aliandika kwa kalamu ya risasi, maneno machache machache. Nilipofika mlango wa hadithi nikakuta ukurasa mmoja umejaa maandishi yake pande zote nne, na juu kabisa ameandika: "Hapa simama."

Mas-ala yenyewe ni haya. Iko hadithi ya mbwa wanaoruhusiwa kufugwa, nao ni mbwa wa kuwindia na mbwa wa kulinda mifugo. Abu Hurayra (R.A.) katika riwaya yake ametaja pia mbwa wa kulinda shamba. Ibn Umar (R.A.) alipoambiwa hivyo akasema kuwa Abu Hurayra ana shamba. Ahmad Amin akalichukua neno hili la Ibn Umar kuwa ni ishara ya kumtilia shaka Abu Hurayra, kama kwamba Sahaba aliongeza katika maneno ya Mtume (S.A.W.) kwa sababu ya haja yake mwenyewe. Ni jambo zito hilo, kwani akiangushwa Abu Hurayra zitaanguka naye hadithi nyingi ambazo swala zetu na ndoa zetu zimejengwa juu yake.

Nilikwenda kwa mwalimu wangu usiku ule ule na kitabu mkononi. Nilidhani ataniambia nikiache. Hakusema hivyo. Alinyosha mkono akatoa Sharhi ya Muslim ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, akanifungulia mahali penyewe, akanambia, "Soma kwa sauti." Nikasoma. Nawawi ameshaeleza, karne saba kabla ya Ahmad Amin, kuwa Ibn Umar hakukusudia kumtia dosari mwenziwe. Maana yake ni kuwa mwenye kitu ndiye anayeihifadhi hukumu yake vizuri kuliko mwengine, kwani inamhusu. Tena nyongeza ile ya shamba hakuipokea Abu Hurayra peke yake. Imepokewa vile vile na Abdullahi bin Mughaffal na Sufyan bin Abi Zuhayr, na Muslim amezitoa riwaya zao. Nilipomaliza, mwalimu akanirudishia "Fajr al-Islam" na kunambia, "Haya, endelea mbele. Ila usisome mlango wa hadithi wa mtu yeyote na Nawawi yuko kabatini."

Baadaye nilipata kujua kuwa Sheikh Mustafa as-Sibai wa Sham, katika utafiti aliouwasilisha Azhar mwaka 1949 juu ya cheo cha Sunna, alimjibu Ahmad Amin mas-ala baada ya mas-ala, na hili la mbwa likiwamo. Na si Ahlus-Sunna peke yao waliokwaruzwa na kitabu hiki. Mashia wa Iraq walikasirishwa na aliyoyaandika juu ya madhehebu yao. Ahmad Amin alipofika Najaf pamoja na ujumbe wa Wamisri alikutana na mwanachuoni wao mkubwa, Sheikh Muhammad Husein Kashif al-Ghita. Huyu akamlaumu, naye akatoa udhuru kuwa vitabu vyao havikuwa vingi mkononi mwake. Sheikh hakuukubali udhuru huo: mwenye kutaka kuandika juu ya kaumu hapana budi azitafute kwanza khabari zao kwao wenyewe. Kashif al-Ghita amekitaja kisa hicho mwanzoni mwa kitabu chake cha kueleza asili ya Ushia. Mimi si Shia, lakini katika hilo haki ilikuwa upande wa Najaf. Wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1954.

Cha pili, "Dhuha al-Islam", kilitoka kwa sehemu tatu kati ya mwaka 1933 na 1936, nacho ndicho nikipendacho zaidi. Hapa jua limeshapanda. Ni karne ya kwanza ya Bani Abbas, na Baghdad imejaa Waajemi, Wahindi, Wasuryani na Waarabu. Ibn al-Muqaffa anakifasiri "Kalila wa Dimna", kitabu kilichotoka Bara Hindi kikapita Uajemi. Khalil anazipanga bahari za mashairi, Sibawayhi anaikusanya nahau. Imam Malik yuko Madina, Abu Hanifa Kufa, na Shafii anasafiri baina ya hawa na hawa, akichukua hadithi za upande mmoja na kipimo cha upande wa pili, mpaka anakufa Misri mwaka 204 Hijria. Ahmad Amin hasemi kuwa Waislamu waliazima kila kitu, kama wasemavyo baadhi ya Wazungu, wala hasemi kuwa hawakuazima kitu, kama tusemavyo sisi tukikasirika. Anakaa akapima: hiki kilitoka kwa Wahindi, hiki kwa Wayunani, na hiki kimezaliwa hapa hapa.

Sehemu yake ya tatu ni ya firka, na humo tunaachana tena njia. Anawasikitikia mno Muutazila, na kuanguka kwao anakuhisabu kuwa katika misiba mikubwa iliyowafika Waislamu. Mimi kila nikipasoma humkumbuka Imam Ahmad bin Hanbal na mijeledi. Walipoipata dola, hao watu wa akili waliwalazimisha watu kwa kifungo na fimbo waseme Qur'ani imeumbwa. Msiba huo mbona ni mdogo katika mizani yake?

Baada ya hapo kalamu ilikaa kimya muda mrefu. Alikuwa mkuu wa kitivo kuanzia mwaka 1939 hadi 1941, akiendesha na gazeti la "ath-Thaqafa", na mambo ya watu yakawa mengi juu yake. Sehemu ya kwanza ya "Dhuhr al-Islam" ilitoka mwaka 1945, na kwa jumla zikawa nne, moja katika hizo ikiwa ya Andalusi. Miaka hiyo macho yake yalishika maradhi, ikawa hawezi tena kusoma kama alivyozoea. Sehemu ya nne ilichapishwa ameshafariki.

Kila mtoto wa chuoni anafundishwa wakati wa Adhuhuri. Jua likiwa katikati ya mbingu kivuli hufupika mpaka mwisho wake. Likipinduka, hata kidogo tu, kivuli huanza kurefuka upande wa mashariki, na hapo ndipo wakati unapoingia. Adhuhuri basi haianzi jua linapokuwa juu kabisa, inaanza linapokwisha pinduka. Ahmad Amin alilelewa Azhar, hakuwa mtu wa kufundishwa nyakati za swala. Kitabu hiki anakianza na zama za Khalifa al-Mutawakkil, ambaye aliuawa na askari wake wa Kituruki mwaka 247 Hijria, sawa na 861. Kutoka hapo khalifa wa Baghdad akawa mwanasesere mikononi mwa wenye panga. Mwaka 334 Bani Buwayhi waliingia Baghdad wakashika amri. Kordoba kulikuwa na khalifa wake tangu 316, na Mafatimi nao wakaingia Misri mwaka 358. Makhalifa watatu kwa wakati mmoja, kila mmoja akidai kuwa yeye ndiye.

Na hapo hapo, katika karne hiyo hiyo ya nne, tazama watu waliokuwapo: Tabari anaimaliza tarikhi yake, al-Farabi anafundisha, al-Mutanabbi anakwenda kutoka jumba hili hadi lile na mashairi yake, na al-Biruni na Ibn Sina wanazaliwa. Dola ilipovunjika vipande, kila mtawala mdogo alitaka naye awe na maktaba, washairi na matabibu, na elimu iliyokuwa na mji mmoja ikawa na miji kumi. Jambo hili lilinishangaza zaidi kuliko lolote katika vitabu hivi vitatu. Tulizoea kufundishwa kuwa nguvu ya dola na nguvu ya elimu hupanda na kushuka pamoja. Ahmad Amin anaonyesha kivuli kinarefuka na mwangaza bado ni mkali.

Alasiri hakuiandika. Mwaka 1952 alitoa kitabu kimoja kifupi, "Yawm al-Islam", yaani Siku ya Uislamu, ambamo alijaribu kuipitia siku nzima mpaka wakati wake mwenyewe, kwa upesi upesi kama msafiri anayesikia honi ya basi. Nimekisoma mara moja.

Nakala ya mwalimu wangu ya "Fajr al-Islam" ninayo mimi sasa. Wanawe walinipa baada ya matanga. "Dhuha" niliipata miaka mingi baadaye, sehemu moja moja, na ya pili ilikawia mpaka nilishakata tamaa nayo. Wale vijana wa barazani wameshakuja kuniazima ile ya kwanza. Nimewapa pamoja na juzuu ya Nawawi, na wamelalamika kuwa ni nzito kubeba.