Panya shamba katika ulishaji wa nyoka wafugwao

Panya shamba ni jina ambalo wakulima na watafiti wa Tanzania humwitia panya wa jenasi Mastomys, hasa wa spishi ya Mastomys natalensis, mnyama mdogo wa rangi ya hudhurungi iliyochanganyika na kijivu, mwenye tumbo lililopauka na manyoya mororo, ambaye katika mashamba ya nafaka ya Afrika kusini mwa Sahara anahesabiwa miongoni mwa waharibifu wakubwa kuliko wote. Huko Marekani na Ulaya mnyama huyohuyo huzalishwa kwa makusudi ili awe chakula cha nyoka wanaofugwa majumbani, na wauzaji wake humtaja kwa sifa ya manyoya yake laini badala ya kumtaja kwa sifa ya shambani. Hali hizi mbili zina chanzo kimoja, kwa kuwa uwezo wa kuzaa unaomtia mkulima hasara ndio anaoulipia mfuga nyoka.

Spishi hii ilielezwa kitaalamu mwaka 1834 na Andrew Smith, kutokana na panya waliopatikana Port Natal, mahali panapoitwa leo Durban, na jenasi yenyewe ikapewa jina na Oldfield Thomas mwaka 1915 kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya titi na panya. Jina hilo halikutiwa chumvi, kwa maana jike wa panya shamba ana chuchu zilizopangana kwa safu mbili ndefu kutoka kifuani hadi kinenani, ambazo huwa jozi 8 hadi 12, ilhali panya mweupe wa maabara ana jozi 6 na panya mdogo wa nyumbani ana jozi 5 tu. Jike huyo pia ana tezi iliyokua vema inayolingana na ile ambayo Kiswahili huiita tezi dume, jina ambalo kwa mnyama huyu linapoteza mantiki yake. Kwa muda mrefu wataalamu waliwachanganya panya hawa na spishi nyingine ya kusini mwa Afrika, Mastomys coucha, mpaka hesabu ya kromosomu, yaani nyuzi za urithi zilizomo ndani ya seli, ilipoonyesha kwamba wa kwanza ana 32 na wa pili 36. Kwa macho hawatofautishiki, na ndiyo maana kibandiko cha muuzaji kinachotaja spishi hakipaswi kuaminiwa bila kipimo.

Mbali na kulishwa nyoka, panya hawa wana historia ya maabara. Afrika Kusini walianza kuzalishwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya utafiti wa tauni, na katika miaka ya 1950 ikagunduliwa kwamba wakizeeka hupata kwa wingi, bila kusababishiwa, aina fulani ya uvimbe wa tumbo, jambo lililowafanya wawe mfano muhimu wa kuchunguzia maradhi hayo kwa binadamu. Mfugaji anaweza kujifunza kutokana na hilo kwamba mbegu ya kuzalishia haifai kuachwa mpaka ichakae.

Panya shamba wa mwituni kwa kawaida huwa na uzito wa gramu 40 hadi 80, na dume aliyelishwa vizuri kizuizini anaweza kupita gramu 100, hivyo yuko katikati ya panya mdogo wa nyumbani na panya mkubwa wa maabara. Mimba hudumu takriban siku 23, na uzao wa kawaida ni vitoto 10 hadi 12, ingawa vimewahi kuhesabiwa zaidi ya 20 kwa mkupuo mmoja. Vitoto huzaliwa uchi, vipofu, na kila kimoja kikiwa na uzito wa gramu 2 hivi. Macho hufumbuka baada ya wiki mbili, na kufikia wiki ya tatu huwa vinaweza kuachishwa kunyonya. Katika mashamba ya Morogoro, ambako Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kimefanya utafiti wa panya kwa miongo mingi, uzazi huo hufuata mvua, kwani mvua za vuli zikinyesha kwa wingi majani machanga na mbegu huwatia majike katika hali ya kuzaa mapema, na miezi michache baadaye idadi yao inaweza kupanda kutoka makumi hadi mamia kwa hekta. Ndani ya kasha la mfugaji hakuna kiangazi wala masika, chakula ni cha siku zote, kwa hiyo uzazi haukatiki.

Nyoka anayehusishwa zaidi na lishe hii ni chatu wa kifalme (Python regius), mkazi wa mbuga na mashamba kuanzia Senegali hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambaye akitishwa hujiviringa kama mpira na kuficha kichwa katikati. Ni mtulivu, hana sumu, na wafugaji wamemzalisha kwa mamia ya rangi, lakini ana tabia moja inayowasumbua wanaomfuga, nayo ni kususa chakula kwa wiki na hata miezi, hasa majira ya kujamiiana au anapohamishwa. Wafugaji wengi wameshuhudia kwamba chatu aliyekataa panya wa kawaida humvamia panya shamba bila kusita. Hoja inayotolewa, nayo ina mashiko, ni kwamba panya hawa na jamaa zao wamo katika mazingira ya asili ya chatu huyo, na harufu yao inaamsha hamu ambayo panya mweupe haiamshi. Dawa hiyo ina gharama yake, kwani nyoka akishazoea panya shamba anaweza kukataa kitu kingine chochote, na mwenye nyoka akajikuta hana budi kufuga aina mbili za wanyama.

Kufuga panya shamba kunahitaji kuelewa kwanza kwamba ni mnyama wa jamii. Dume mmoja huwekwa pamoja na majike wawili hadi watano, na majike hao hulea kwa ushirikiano, wakichanganya vitoto katika kiota kimoja na kunyonyesha bila kubagua. Kundi linapaswa kuundwa wanyama wakiwa wachanga, muda mfupi baada ya kuachishwa, kwa sababu mgeni anayeingizwa katika kundi la waliokomaa hushambuliwa na mara nyingi huuawa, na hata mwenzao aliyetolewa kwa siku chache anaweza kurudi akapokewa kama adui. Kwa hiyo mfugaji mwenye busara haongezi mgeni kundini; akitaka kubadilisha kizazi huanzisha kundi jipya pembeni na kulistaafisha lile la zamani zima.

Kasha lenyewe ni suala la meno. Panya shamba hutafuna plastiki kwa bidii, na ukingo au tundu lolote linalompa pa kuanzia litakuwa mlango baada ya usiku mmoja. Beseni lenye kuta laini zisizo na kona ya kung’ata, lenye kifuniko cha wavu wa chuma uliobana, hudumu zaidi, na panya huyu pia ni mwepesi wa kuruka, hivyo kasha fupi halifai. Chini hutandazwa maranda ya mbao yasiyo na vumbi wala harufu kali, na panya hupewa karatasi au nyasi kavu za kujengea kiota, vipande vya mti vya kutafuna, na gurudumu la kukimbilia ambalo hulitumia usiku kucha. Joto linalowafaa liko karibu na nyuzi 22 hadi 26 za Selsiasi. Sifa yao kubwa kwa anayefugia ndani ya nyumba ni kwamba mkojo wao haunuki kama wa panya wadogo wa kawaida. Kasoro yao ni kuuma, maana hawazoei mkono kirahisi, na jike mwenye vitoto hungoja kidole kama anavyongoja mwizi.

Kwa chakula hupewa tembe za panya wa maabara, zenye protini na madini yaliyopimwa, zikisindikizwa na nafaka na mboga kidogo, na maji safi kutoka chupa yenye mrija wa chuma. Uchoyo katika lishe huonekana upesi, kwa sababu jike anayenyonyesha vitoto kumi na wawili akikosa protini au maji huvila, na mfugaji asiyejua chanzo humlaumu jike. Ikumbukwe pia kwamba nyoka hula panya mzima pamoja na mifupa, maini na kilichomo tumboni, kwa hiyo lishe ya panya ndiyo lishe ya nyoka.

Panya hatolewi kwa nyoka akiwa hai bila sababu kubwa. Panya shamba aliyekomaa anaweza kumjeruhi vibaya nyoka asiye na njaa, akamng’ata mgongoni hadi kwenye mfupa, na nchini Uingereza Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006 inamlinda mnyama anayeliwa kama inavyomlinda anayekula. Njia iliyozoeleka ni kumuua kwa hewa ya kaboni dioksaidi inayoingizwa taratibu ndani ya chombo kilichofungwa, lakini vitoto vya siku chache huvumilia upungufu wa oksijeni kwa muda mrefu sana, kwa hiyo kuvitoa mapema ni kuvifungia kwenye friza vikiwa bado hai. Waliokwisha kufa hugandishwa, kisha siku ya kulisha huyeyushwa taratibu na kupashwa katika maji ya uvuguvugu ili nyoka ahisi joto la mwili, na huchaguliwa asiye mnene kuliko sehemu pana ya mwili wa nyoka. Kugandisha hakuui bakteria wa salmonela, kwa hiyo mikono na vyombo huoshwa kwa sabuni, navyo vyombo hivyo havirudi jikoni.

Panya shamba aliyetegwa shambani hafai kabisa kwa kazi hii. Huenda amekula zinki fosfaidi au sumu nyingine iliyotandazwa wakati wa milipuko ya panya, na anaweza kubeba vimelea vingi. Katika Afrika Magharibi yeye ndiye mbebaji mkuu wa virusi vya homa ya Lassa, iliyotambuliwa mwaka 1969 na kupewa jina la mji wa Lassa nchini Nijeria. Panya wa Tanzania wana virusi vya ukoo huo vilivyopewa jina la Morogoro, ambavyo havijulikani kumwuguza binadamu. Panya waliozaliwa kizuizini kwa vizazi vingi bila kukutana na wa porini wako mbali na hatari hiyo, lakini sheria haikungoja ubishi. Marekani ilikwisha kuiweka jenasi nzima ya Mastomys katika orodha ya wanyama wenye madhara chini ya Sheria ya Lacey, na mwaka 2003, baada ya shehena ya wanyama kutoka Ghana, wakiwemo panya buku, kuingiza ugonjwa wa mpox na watu 47 katika majimbo 6 kuugua au kudhaniwa wameugua, uingizaji wa wanyama wote wa oda ya panya kutoka Afrika ulipigwa marufuku, isipokuwa kwa kibali cha sayansi, elimu au maonyesho. Mwaka 2017 mahakama ya rufani mjini Washington iliamua kwamba Sheria ya Lacey haizuii wanyama walioorodheshwa kusafirishwa kati ya majimbo ya bara, ila marufuku ya kuwaingiza kutoka nje ingali palepale, kwa hiyo kila panya shamba anayeuzwa kihalali kwa mfuga nyoka wa Marekani lazima awe amezaliwa hukohuko.