Mji wa Ubaoni na Mji wa Watu



Imezuka michezo ya mezani ambayo mtu mmoja aweza kuicheza peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Mashuhuri katika hiyo ni michezo ya kujenga mji. Mchezaji huketi mbele ya ubao, akapanga nyumba, masoko, visima na minara ya mji wa kubuni, usiokuwamo katika ramani yoyote ya dunia. Hana wa kushindana naye. Akimaliza huhesabu pointi zake, akaona kama leo amejenga vyema kuliko jana.

Makala hii haikukusudia kutoa hukumu ya michezo. Wanazuoni wetu wamekwisha kulizungumza jambo hilo kwa urefu, wakaikataza nardi na wakakhitalifiana katika sataranji, na anayetaka hukumu na awaendee wao. Letu sisi ni swali la historia: ni nini humpata mtu anapozoea kujenga mji bila ya kuulizana na yeyote? Swali hilo litatupitisha kwenye bao letu, litupeleke Baghdad, kisha litufikishe bonde la Kilombero hadi Masagati, ambako mji uliopangwa mezani ulikutana na watu wenye miguu na midomo.

Tuutazame mchezo mmoja ili tuelewane. Mwaka 2019 ulitoka mchezo uitwao Tiny Towns. Ndani yake wanyama wa mwituni hujenga kimji chao katika uwanja wa vyumba 16, vinne kwa vinne. Vifaa ni vitano: mbao, ngano, matofali, kioo na mawe. Kila chumba kitakachobaki bila ya jengo humpunguzia mchezaji pointi moja. Sasa zingatia. Wakicheza watu wengi, mmoja wao hutaja kifaa, tuseme tofali, na wote hawana budi kulichukua tofali na kuliweka katika viwanja vyao, hata yule ambaye mipango yake yote ilikuwa ikingojea kioo. Haja ya jirani yaingia uani kwako, nawe wajifunza kuipatia mahali. Lakini achezaye peke yake hana jirani wa namna hiyo. Karata ndizo zimwambiazo achukue nini, na karata haina haja, haina watoto, wala hainung'uniki.

Bao la Kiswahili limesimama juu ya msingi mwingine. Lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji ana shimo moja la mraba katika safu ya mbele liitwalo nyumba, ambalo mchezo unapoanza huwekwa kete sita. Mwenye nyumba huitunza na huchelea isiliwe. Lakini ni kwa nini nyumba ile ikawa na thamani? Ni kwa sababu yupo mtu wa pili aliyekabiliana nawe, naye aitaka. Hukumu ya mchezo mzima imo katika mkono wake kama ilivyo katika mkono wako. Mtu aweza kukaa barazani peke yake akajaribu mitaji, na mafundi hufanya hivyo. Lakini hapana aliyepata kuitwa fundi kwa kumfunga mtu asiyekuwapo.

Ama katika historia ya Uislamu uko mji mkubwa ambao kwanza ulichorwa chini kama ubao wa mchezo. Mwaka 145 wa Hijra, yaani 762 Miladia, Khalifa Abu Jaafar al-Mansur wa Bani Abbas aliazimia kujenga mji mpya kando ya mto Dijla. Imamu at-Tabari ameeleza kuwa Khalifa alitaka kuuona mji kabla haujajengwa. Basi ikachorwa michoro yake ardhini kwa majivu, naye akapita katika milango na njia zake, huku akiangalia. Kisha zikawekwa mbegu za pamba juu ya mistari ile, zikamiminiwa mafuta, zikatiwa moto, akauona mji wake ukiwaka mbele ya macho yake. Ulikuwa mji wa duara, wenye milango minne: Khurasani, Sham, Kufa na Basra. Kasri na msikiti vilikuwa katikati kabisa.

Lo, uzuri ulioje wa mchoro ule! Lakini mstari wa majivu hauuzi mboga wala haulali njaa. Mji ulipojaa, wakaja wachuuzi, wapagazi, wageni na mafundi, kila mmoja na haja yake. Masoko yalipangiwa ndani ya duara. Haukupita muda mrefu, mwaka 157 wa Hijra, Khalifa mwenyewe aliamuru yatolewe nje yapelekwe Karkh, kusini ya ukuta. Na huko nje ya ukuta ndiko Baghdad ilikokua na kuenea, mpaka lile duara likawa ni sehemu ndogo tu ya mji wake. Mtawala alichora duara. Watu wakajenga mji.

Jambo hili wenyewe wanaotunga michezo wamelitambua. Mwaka 1989 Mmarekani Will Wright alitoa mchezo wa kompyuta uitwao SimCity, ambao mtu mmoja hujenga mji mzima, akatoza kodi na kuvunja mitaa apendavyo. Wright ameeleza kuwa miongoni mwa vilivyomwongoza ni kisa cha mwandishi wa Poland, Stanisław Lem. Katika kisa hicho fundi mmoja anamkuta mfalme aliyeondolewa katika ufalme wake. Anamhurumia, anamtengenezea milki ndogo ndani ya kasha, yenye miji, majeshi na raia, apate kuitawala bila ya kumdhuru mtu. Fundi anarejea nyumbani akijisifu. Rafiki yake anamuuliza: Je, raia wale wakipigwa, hulia? Ikiwa hulia, kuna tofauti gani baina ya kilio chao na cha mtu wa kweli? Fundi anakosa jawabu.

Msomaji, ubao wa mbao hauna kilio, kwa hiyo mchezaji hana dhambi ya kilio hicho. Hatari imo katika tabia. Mtu hutoka mezani akiwa na mazoea ya kupanga, akawatazama walio hai kama kwamba nao ni vipande.

Na hapa ndipo tufike Kilombero. Bonde hili limo katika Mkoa wa Morogoro, baina ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Mto Kilombero hulipitia ukaenda kuungana na maji ya Rufiji, na wakati wa masika hufurika ukayafunika mabonde. Ardhi oevu yake, karibu kilomita za mraba 8,000, iliorodheshwa mwaka 2002 katika mapatano ya Ramsar ya kuhifadhi ardhi za namna hiyo. Humo wamekaa Wandamba, hodari wa mitumbwi na uvuvi, na Wapogoro, Wambunga na Wabena. Mchele wa huko umelisha nyumba nyingi za Dar es Salaam na mwambao. Masagati iko upande wa juu wa bonde, kupita Mlimba, mbali na Ifakara na kivuko chake cha zamani.

Bonde lenye rutuba na maji kiasi hicho halikukosa wa kulipanga. Mwaka 1929, zama za Waingereza, ilichapishwa ripoti ya Telford juu ya kuyaendeleza mabonde ya Rufiji na Kilombero. Mwaka 1961 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likatoa uchunguzi wa bonde zima la Rufiji kwa majuzuu saba. Zilikuwa kazi za watu wenye elimu, wala hatuzidharau. Ila katika ramani, mafuriko ni rangi ya buluu. Kwa mkulima wa Kilombero mafuriko ni kalenda: ndiyo yamwambiayo lini apande mpunga, lini avue, na lini ahamishe watoto. Hata zama zile walikuwapo waliolitambua hilo. Kitabu cha Culwick na mkewe juu ya Wabena wa bonde hili, kilichotoka mwaka 1935, kilimpa Mtema Towegale Kiwanga sura nzima aseme kwa ulimi wake.

Ikaja zama yetu wenyewe. Baina ya 1970 na 1975 ilijengwa reli ya TAZARA, ikapita Ifakara na Mlimba. Novemba 1973 Rais Julius Nyerere alitangaza kuwa kuishi katika vijiji si hiari tena, na mwisho wa 1976 ukawa ndio muhula. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ikapitishwa mwaka 1975. Mamilioni ya Watanzania walihama. Katika ukanda wa reli, watu waliotawanyika walikusanywa katika vijiji karibu na njia ya treni.

Tuseme kwa insafu. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati na maji havifiki kwa urahisi kwenye nyumba moja moja zilizotapakaa porini, na wako waliojifunza kusoma kwa sababu kijiji kilikuwa na darasa. Lakini katika sehemu nyingi za nchi nyumba zilipangwa kwa mistari iliyonyooka kando ya barabara, na shamba likabaki kule lilikokuwa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mpenzi wa bao. Ajabu ni kwamba waliotekeleza amri yake mara nyingi walicheza bila ya kumwachia wa pili zamu.

Nini kilitokea Kilombero? Mpunga haukuhama. Nguruwe, ndege na viboko hawakupata barua ya uhamisho. Kwa hiyo hadi leo familia nyingi za bonde zina makazi mawili: nyumba ya kijijini, na kibanda cha shambani, mara nyingine mwendo wa saa kadhaa, ambako hukaa msimu mzima wakilinda mazao. Watoto wa shule mara nyingi hubaki kijijini na wazee, au wenyewe. Watafiti wa malaria wa Ifakara wamezishughulikia nyumba hizo za shamba, kwani huko mbu ni wengi na zahanati i mbali. Mstari ulionyooka ulimkosa mkulima, naye akaurekebisha kwa miguu yake mwenyewe, kila mwaka, akilipa gharama ambayo hakuna aliyeihesabu mezani.

Sasa, ndugu yangu, usidhani maneno haya ni ya makhalifa na marais tu. Kila mwenye nyumba ana ubao wake. Kijana aliyefanikiwa Dar es Salaam au Muscat huamua kuwa mama yake aliyebaki Pangani au Masagati ahamie mjini. Amekwisha kupanga chumba, kitanda na mtumishi. Hakumuuliza. Hajui kwamba mama yule kila asubuhi huitwa na jirani kwa jina lake la utotoni, na kwamba kaburi la mumewe li hatua mia moja kutoka mlangoni. Chumba ni kizuri, na mama atanyamaza kwa sababu ampenda mwanawe. Kunyamaza huko si ridhaa. Kadhalika baba amchaguliaye binti yake masomo, na kamati ya msikiti iuzayo kiwanja cha wakfu bila ya kuwaita wakaao hapo.

Basi anayetaka kupumzika jioni kwa kujenga mji wa ndoto, na ajenge, maadamu sala haikupita na haki ya mtu haikupotea. Afunge ubao akiisha, akumbuke kuwa utiifu wa vipande vile ulitokana na kuwa havina roho. Kesho akiwa na jambo la kuwapangia watu, aende kwanza akaketi nao kwenye jamvi, atangulize swali, na angoje jawabu hata likichelewa. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Lakini sharti wazee hao wawe wameachiwa nafasi ya kusema.

Wabillahi tawfiq.