Wafagiaji wa Bahari

Neno "manowari" tulilitwaa kwa Waingereza. Lilitoka vinywani mwa mabaharia wao, na sikio la Mswahili likalifinyanga hata likawa letu. Manowari zenyewe hazikuwa zetu. Hata hivyo ilikuwako moja, meli ya kufagia mabomu ya baharini, ambayo wananchi wa Afrika ya Mashariki waliigharimia kwa kodi zao na kuiendesha kwa mikono yao, ingawa hawakuwa na amri juu yake. Jina lake lilikuwa Rosalind.

Meli hiyo ilishushwa majini huko Uingereza mwaka 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili, pamoja na wenziwe waliopewa majina ya wahusika wa tamthilia za Shakespeare. Mwaka 1946 ikaletwa Mombasa. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya kwanza ya Shakespeare mwaka 1963. Kumbe binti huyo wa Shakespeare alikwisha kutia nanga Kilindini miaka kumi na saba kabla, na wapakiaji wa gati wakilitamka jina lake kila mtu kwa lafudhi ya kwao.

Yafaa msomaji aelewe kwanza kazi ya chombo cha namna hiyo. Bomu la baharini la aina ya kale ni tufe la chuma lenye pembe, lililojaa baruti kali. Hufungwa kwa mnyororo kwenye uzito uliolala sakafuni mwa bahari, nalo huelea pima chache chini ya uso wa maji, mahali ambapo jicho halilioni. Tumbo la meli likizigusa pembe zake, hulipuka. Mwezi Mei 1940 meli ya Kijerumani Atlantis, iliyokuwa imejisingizia kuwa chombo cha biashara cha Kijapani, ilitega mabomu 92 karibu na Rasi Agulhas, kwenye ncha ya kusini ya bara letu. Tangu hapo hakuna nahodha wa Bahari ya Hindi aliyeweza kusema kwa yakini kwamba njia ni nyeupe.

Meli ya kufagia huburura nyuma yake waya mrefu wenye visu. Ubao mzito huutanua waya huo upande mmoja, kama kishada kinavyovutwa na upepo, na boya huelea mwishoni kuonyesha waya ulipo. Waya ukiunasa mnyororo wa bomu, kisu huukata, na bomu huibuka juu. Hapo mabaharia hulipiga risasi wakiwa mbali, hata lilipuke au lizame. Meli zinazofuata hupita penye maji yaliyokwisha kufagiwa. Ile ya kwanza haina aliyeitangulia.

Mwaka 1939 Wajerumani walileta bomu jingine, lisilongoja kuguswa, bali huamshwa na usumaku wa chuma cha meli. Ndiyo sababu vyombo vya kufagia vilivyoundwa baada ya vita vilirudi kwenye mbao, kama majahazi ya babu zetu. Mvita, meli ndogo iliyojiunga na Rosalind katika miaka ya mwisho, ilikuwa ya aina hiyo. Vijana wa Morogoro wa leo wanaijua kazi hii kwa njia ya nchi kavu, maana katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine hufunzwa panya buku wa kunusa mabomu ya ardhini. Mmoja wao, Magawa, aligundua mabomu 71 huko Kambodia, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu. Baharia wa Rosalind hakupata hata bati.

Chanzo cha jeshi lenyewe ni kikosi cha wanamaji wa kujitolea kilichoundwa Mombasa mwaka 1933. Kutoka katika kikosi hicho likazaliwa, mwaka 1953, Jeshi la Wanamaji la Kifalme la Afrika ya Mashariki. Figa moja haliinjiki chungu: gharama ziligawanywa kwa Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja. Mganda asiye na bahari alichangia, na Mluguru wa mlimani vilevile. Maofisa walikuwa Wazungu. Waafrika walikuwa mabaharia wa kawaida.

Hapo ndipo habari ya meli inapotugusa sisi wa Mafiga na wa milima iliyo juu yetu. Katika miaka hiyohiyo serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi mashambani mwao, kazi ngumu iliyofukua udongo usio na rutuba na kuufukia ule mzuri. Mwaka 1955 zikatokea ghasia Matombo. Polisi wakafyatua risasi, na mtu akauawa. Mkulima aliyekuwa akisukumwa kwa nguvu kwenye jembe la matuta ndiye aliyetozwa kodi, na sehemu ya kodi hiyo ikateremka mpaka Kilindini ikawa waya, rangi na risasi za mazoezi.

Nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari, miaka ya themanini, alikuwako katika mtaa wetu wa Mafiga mzee mmoja mzaliwa wa Matombo, mlinzi wa ghala. Alikuwa ameshuka Tanga kukata mkonge, akachoka, akafika Mombasa, na mwaka 1954 akaandikwa ubaharia. Nilipomwamkia shikamoo na kumwuliza habari za vita, alicheka. "Marahaba, mwanangu. Vita sikuiona. Nimeuona waya."

Waya ndio uliokuwa adui yake. Ukilegea hujikunja kama nyoka, ukikaza huimba, na ukikatika humfyeka aliye karibu. Kila asubuhi ya mazoezi waliukunjua kwa zamu kwenye tezi ya meli, wakaukunja tena jioni, wakaupaka mafuta, viganja vikachanika. Mabomu yenyewe yalikuwa ya kujifunzia. Lakini alisema kwamba waliambiwa daima wafanye kana kwamba ni ya kweli, na usiku, katika joto la chumba cha mashine, mtu huwaza ni yapi ya kweli yaliyosahauliwa huko chini tangu wakati wa vita.

Alinieleza pia kwamba amri zilitolewa kwa Kiingereza, na kazi ikafanywa kwa Kiswahili. Mdigo alimfundisha Mkamba, na Mkamba akamfundisha Mluguru, naye Mluguru ambaye nyumbani kwao alisema Kiluguru akajikuta anaota kwa Kiswahili. Barua ya ndugu yake ilimfikia bandarini, ikimweleza kwamba shamba la baba yao limechimbwa matuta. Aliikunja akaitia mfukoni, kwa kuwa zamu yake ilikuwa imefika.

Tanganyika ilipokwisha kupata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, jeshi hilo la ushirika halikuishi mwaka. Lilivunjwa tarehe 30 Juni 1962. Kenya iliunda jeshi lake la wanamaji tarehe 12 Desemba 1964, na Tanzania ikajenga lake Kigamboni kwa msaada wa China, mwaka 1971. Mzee wetu alikuwa amekwisha kurudi mlimani zamani.

Maneno yake niliyaandika katika daftari: omo, tezi, sitaha, serahangi, boya, nanga, kupwa na kujaa. Yote hayo ni mali ya pwani tangu enzi za majahazi, nayo yalitosha kuendesha manowari ya Kiingereza. Ule ubao wa kuutanua waya tu ndio uliotushinda. Waliuita kwa jina la Kiingereza ambalo yeye alikuwa amelisahau, na la Kiswahili hawakuwahi kuupa.