Neno na Matumizi: Forodha hailipwi

Kaa Rusumo, wilayani Ngara, uwasikilize matingo malori yakingoja kuvuka mto Kagera: “Bosi kashalipa forodha.” Kalipa ushuru, ndugu yangu. Forodha tumeipata kwa Waarabu, nao humaanisha mahali vyombo vinaposhushia shehena; Unguja wana Forodhani yao hadi leo. Baadaye neno likahamia kwenye idara inayokagua bidhaa za mpakani, hata huku bara kusikotia nanga jahazi. Kinachotozwa ni ushuru, ambao kwa asili ni fungu la kumi (viwango vya sasa ni habari nyingine).

Tena shehena inayopita tu kwenda Kigali au Bujumbura hailipiwi ushuru wa kuingiza nchini. Huwekewa dhamana, kontena likafungwa lakiri, na lakiri hiyo ndiyo dereva huichungulia kwanza akiamka Lusahunga, Biharamulo. Wapo pia wanaoiita kila karatasi kibali. Leseni ya usafirishaji hudumu hadi muda wake uishe. Kibali ni ruhusa ya jambo mahususi, mathalani kupeleka mahindi Burundi kupitia Kabanga.