Moyo Mwema Ndani ya Gwanda

Askari mwenye huruma ni mhusika mgumu kumuumba kuliko askari katili. Ukatili vitani hauna haja ya maelezo mengi: amri imetoka, bunduki ina risasi, mtu amepiga. Ila mwandishi akituletea askari mpole, anayemega chakula chake akampa mwenziwe, anayemwonea uchungu hata yule aliyeamriwa kumlenga, papo hapo tunamdai majibu. Huruma hii kaitoa wapi, na jeshi halifundishi huruma? Na inamfikia nani? Inaishia kwa wenzake wa kikosi, au inavuka hadi kwa adui, na hadi kwa mwanakijiji ambaye vita vimempitia katikati ya shamba lake? Naamini mhusika wa namna hii husimama au huanguka kwa maswali haya mawili: la asili ya wema wake na la upeo wake.

Nawachukua askari watatu wa riwaya zilizoandikwa mahali na nyakati tofauti kabisa. Wa kwanza ni Platon Karataev wa Vita na Amani ya Leo Tolstoy, iliyochapishwa kati ya 1865 na 1869. Wa pili ni Mizushima wa Kinubi cha Burma, riwaya ya Mjapani Takeyama Michio iliyotoka muda mfupi baada ya Japani kusalimu amri mwaka 1945. Wa tatu ni Hamza wa Afterlives, riwaya ya mwaka 2020 ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka uliofuata. Huyu wa tatu ni wa kwetu, na kwa hiyo kwake nitakaa zaidi.

Tuanze na asili. Pierre Bezukhov, mwungwana tajiri, amekamatwa na Wafaransa mjini Moscow mwaka 1812. Ameona kwa macho yake watu wakipigwa risasi, na anapoingizwa kwenye banda la mateka hana tena imani na Mungu wala na binadamu. Gizani, karibu yake, kuna mtu anafungua vitambaa vya miguuni. Anafungua taratibu, anaikunja kamba vizuri, anaitundika, ndipo anaanza mguu wa pili. Kisha anampa mgeni viazi vya kuoka, akimwonyesha namna ya kukikata kiazi katikati kwa kisu na kukinyunyizia chumvi iliyofungwa kitambaani. Tolstoy hana haraka ya kutwambia kwamba Karataev ni mtu mwema. Anatuwekea kiazi na chumvi, na Pierre anahisi hajapata kula chakula kitamu kama kile.

Kisha tunaambiwa alikotoka. Karataev alikuwa mkulima, akanaswa akikata kuni katika msitu wa mwingine, akachapwa viboko na kupelekwa jeshini. Katika Urusi ya wakati ule askari alitumikia miaka 25, na familia ilimlilia anayeondoka kama inavyolilia maiti. Yeye anaisimulia habari hii kama neema. Asingekwenda yeye, angekwenda mdogo wake, naye mdogo wake alikuwa na watoto watano. Yeye aliacha mke tu. Mtoto wake mmoja, binti, Mungu alikwisha kumchukua. Ndugu kumbebea ndugu mzigo lilikuwa jambo la kila siku kijijini kwake, na jeshi lilimkuta nalo. Gwanda lilimvaa mtu aliyekwisha kuwa mtu.

Kwa Mizushima mambo ni kinyume. Kwao tunakujua kidogo sana. Takeyama anatupa kikosi badala ya kijiji: kapteni aliyesomea muziki, askari aliowafundisha kuimba kwa sauti kadhaa, na Mizushima mwenyewe, mpigaji kinubi wao. Siku moja wanagundua wamezingirwa, na mkokoteni wao wenye baruti uko nje peupe, risasi moja tu ikitosha kuwalipua wote. Wanajifanya hawajui kitu. Wanaimba, Mizushima akipiga kinubi, huku wakiuvuta mkokoteni kuuingiza ndani. Wimbo wanaoufikia ni wa kukumbuka nyumbani, ambao watoto wa Japani walifundishwa shuleni kwa maneno ya Kijapani ingawa sauti yake ilitoka Uingereza. Kutoka msituni Waingereza wanaitikia wimbo uleule kwa maneno yao. Usiku ule hapigwi mtu, na Wajapani wanapata habari kwamba vita vimekwisha.

Takeyama aliiandika hadithi hii kwa ajili ya jarida la watoto, katika nchi iliyoshindwa, na shabaha yake inaonekana. Alitaka kizazi kipya kiamini kwamba miongoni mwa waliovaa sare ile walikuwamo watu wa kupendwa. Kwa hiyo wema wa Mizushima unazaliwa ndani ya jeshi lenyewe, katika nyimbo za shule na udugu wa kikosi. Jeshi la Tolstoy limemnyang'anya mtu kijiji chake. Jeshi la Takeyama limegeuka kijiji. Hapo ndipo ninapoanza kuwa na shaka na Takeyama, maana kikosi kikiwa ndiyo chemchemi ya wema, msomaji hana tena nafasi ya kukiuliza kilifuata nini Burma.

Hamza hana kijiji wala kikosi. Baba yake alimtoa kwa mfanyabiashara kufidia deni, naye akakulia katika nyumba ya watu pasipo mshahara wala ukoo. Alipotoroka, pahali palipompokea ni jeshi la Mjerumani, lile ambalo wenyeji walilijua vizuri tangu lilipowazima wapiganaji wa Majimaji kati ya 1905 na 1907 kwa kuchoma vijiji na maghala ya chakula. Kambini, afisa wa Kijerumani anamteua kuwa boi wake, anamfundisha lugha yake, anataka amfikishe kwenye mashairi ya Schiller. Ni fadhila ndani ya umiliki, na kijana anajua hivyo. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia sajini Mjerumani aliyeuchukia upendeleo ule anamkata Hamza kwa upanga, jeraha linalomwacha akichechemea maisha yake yote.

Basi wema wa Hamza umetoka wapi? Jibu la Gurnah ndilo linalonifanya niithamini sana riwaya hii: anapewa na watu, kidogo kidogo, akiwa amekwisha kuvunjika. Watu wa misheni wanamuuguza mpaka anasimama. Anarudi mji wa pwani aliokulia na kupata kibarua kwa mfanyabiashara, halafu kazi katika karakana ya seremala mzee, ambako mikono iliyobeba bunduki inazoea mbao na randa. Khalifa, mtu wa maneno makali na moyo laini, anampa chumba cha kulala bila kumchunguza sana. Na Afiya, msichana ambaye mlezi wake aliwahi kumpiga mpaka akamvunja mkono kwa kosa la kujua kuandika, anampenda. Hamza anamjibu kwa beti za Schiller alizozitia Kiswahili. Kitu alichopewa na jeshi kama mchezo wa bwana na boi wake anakigeuza barua ya mapenzi kwa lugha yake mwenyewe. Tolstoy na Takeyama wanatuonyesha askari akitoa wema. Gurnah anatuonyesha kwanza askari akipokea, na kwa hiyo tunamwamini anapotoa.

Sasa upeo. Karataev hana mipaka. Kuna kisa cha shati: askari Mfaransa analeta kitambaa, Karataev anakishona vizuri na kukimaliza mapema. Mfaransa anadai mabaki. Karataev anataka mabaki yale ayafanye vitambaa vya miguu, hivyo anajitia haelewi. Mwishowe anayatoa, kwa huzuni. Mfaransa anatazama, uso unamwiva kwa haya, anamrudishia. Wote wawili ni maskini waliopelekwa kuuana na watu wasiowajua, na kwa muda wa kitambaa kimoja hawana uadui. Sijasoma mahali pengine ambapo amani kati ya maadui imeandikwa kwa udogo na ukweli namna hii. Mjanja kidogo, mchoyo kidogo, na bado mwema: huyo ni binadamu.

Hata hivyo Tolstoy mwenyewe anatutahadharisha. Karataev anampenda yeyote aliye mbele yake, lakini hashikamani na mtu. Pierre anatambua kwamba wakiachanishwa, Karataev hatasononeka hata kidogo. Ukarimu wake ni mpana kwa sababu hauna jina la mtu ndani yake, na mwisho wake unatuonyesha upungufu huo kutoka upande wa pili. Akiwa na homa, ameshindwa kuendelea na safari ya mateka, amekaa chini ya mti, anamtazama Pierre kwa macho yanayoomba jambo. Pierre anajifanya hajaona, anaharakisha kwenda zake. Mlio wa bunduki unasikika, na mbwa aliyekuwa akifuatana na Karataev anabaki akibweka kwa uchungu. Aliyempenda kila mtu anakufa bila mtu.

Upeo wa Mizushima ni mahali penye ubishi. Anatumwa kuwashawishi Wajapani waliojificha mlimani wasalimu amri, wanakataa, wanauawa, naye anajeruhiwa. Akiwa njiani kurudi kwa wenzake, amevaa joho la mtawa wa Kibudha, anaona maiti za askari wenzake zimetupwa bila kaburi. Anazipita, kwani anataka kufika nyumbani. Kisha anawakuta wauguzi wa Kiingereza wakiimba mbele ya kaburi la Mjapani asiyejulikana. Adui amemzika ndugu yake, na yeye kampita. Aibu ile inamgeuza. Anaamua kubaki Burma kuwa mtawa wa kweli na kuzika wafu, hata wenzake wanapomwita warejee naye Japani.

Kisa hiki kinagusa, na sioni haya kusema kwamba kilinigusa. Lakini wafu anaowazika ni wafu wa kwao. Wenyeji wa Burma wapo pembeni tu: watu wacheshi na wacha Mungu, pamoja na kabila la wala watu ambalo mwandishi, asiyewahi kufika nchi ile, alilitunga. Mtawa anayepiga kinubi nchini humo angekuwa anavunja nadhiri zake. Reli ya kutoka Siam kuingia Burma, iliyojengwa kwa nguvu za mateka na vibarua wa Asia na kuua mateka zaidi ya 12,000, haimo. Wala haimo Machi 1945, wakati jeshi la Waburma chini ya Aung San lilipowageukia Wajapani. Msomaji wa Kiswahili ana sababu nyingine ya kuliona pengo hilo. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland waliovaa sare ya Keya, yaani jeshi la Kiafrika la Mwingereza, ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua kubwa, ikiwasukuma Wajapani hadi mto Chindwin. Wazee wetu nao walizikwa kule. Huruma ya Mizushima haikuwafikia, kwa kuwa aliyemuumba hakufika huko hata kwa fikra.

Gurnah hakwepi. Katika kurasa zilezile ambamo tunamwonea imani Hamza, askari wenzake wanapora nafaka, wanachoma nyumba na kuacha nyuma yao njaa. Mwandishi hatumii upole wa Hamza kufuta moshi ule. Hamza anaota ndoto mbaya akiwa mtu mzima, anapiga kelele usingizini, na mkewe anamtuliza. Huko ndiko kusema kwamba mtu anaweza kuwa mwema na bado awe alishiriki.

Tena Gurnah anaweka askari mwingine kando yake. Ilyas, kaka yake Afiya, ni mwema waziwazi: anarudi kumtafuta mdogo wake, anamtoa alikoonewa, anamfundisha kusoma. Kisha anajiunga na jeshi la Mjerumani kwa mapenzi, kwa sababu Mjerumani mmoja alimsomesha. Huruma yake inaelekea kwa wasiomhesabu kuwa mtu, na mwisho wake ni kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Gurnah hakuitunga hatima hiyo hewani. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam na kujulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen, alikuwa askari mtoto katika vita vile na alifia Sachsenhausen mwaka 1944. Hamza na Ilyas wana mioyo inayofanana. Mmoja aliwapata watu waliomrudishia upendo wake, mwingine aliutoa kwa dola isiyorudisha kitu.

Kwa karibu miaka mia moja, askari maarufu kuliko wote Dar es Salaam amekuwa yule wa shaba aliyesimamishwa mwaka 1927, bunduki mkononi, singe imeelekezwa bandarini. Hana baba mwenye deni, hana fundi aliyempa kazi, hana usiku wa ndoto mbaya. Fasihi inaweza kumpa vyote hivyo, na waandishi wetu wana hazina ambayo bado haijaguswa sawasawa: babu wa Keya waliorudi Kenya, Uganda na Tanganyika wakiwa na nishani na ukimya, wapagazi waliokufa njiani mwaka 1917, wajane walioachwa bila barua. Anayeketi kuwaandika ajifunze kwa Tolstoy kwamba wema huonekana katika chumvi na kitambaa. Kwa Takeyama ajifunze kwamba wafu wana madai yao, halafu ayapanue madai hayo yafike kwa wafu wa upande wa pili. Na kwa Gurnah ajifunze ujasiri wa kuweka ukurasa mmoja askari tunayempenda na kijiji kilichochomwa na kikosi chake, bila kumtumia huyu kukificha kile. Askari mwema anastahili kuandikwa, na wanaostahili kuandikwa pamoja naye ni wote aliowapita njiani akiwa na bunduki.