Utamu wa Lindo

Ndugu msomaji, kabla hujanicheka, ngoja kwanza nikuulize. Umewahi kupita usiku wa manane mbele ya ghala, ukamkuta mtu amejifunika koti kuukuu, rungu mapajani, ukajiuliza hivi huyu anapata nini pale? Basi mtu huyo nilikuwa mimi. Nilimaliza kidato cha nne, nikakaa kijiweni mpaka kijiwe chenyewe kikanichoka, ndipo nikapata kazi ya kulinda ghala la mpunga hapa Galula, mkoani Songwe. Nililinda miezi minane. Washikaji walinikejeli sana: "Yaani Form Four nzima unalinda magunia? Korokoroni!"

Sikuwa na jibu. Nilichojua ni kwamba kazi ile nilikuwa naipenda, tena si kwa ajili ya mshiko, maana mshiko wenyewe ulikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Nikaanza kudadisi wazee na kuokoteza vitabu. Nikagundua kwamba swali la washikaji lina historia ndefu kuliko walivyodhani.

Tuanzie mbali. Katika karne ya 19, nchi ya Ukimbu, kaskazini ya bonde letu la Rukwa, ilikuwa chini ya Nyungu ya Mawe. Nguvu yake, kama ile ya Mirambo wa Unyamwezi, ilikuwa rugaruga. Hao walikuwa vijana wenye silaha, wengi wao watoro, mateka, na watu wasio na ukoo wa kuwatetea. Walilinda maboma na njia za misafara ya pembe za ndovu. Na hao hao walivamia vijiji, wakateka watu na mali. Watawala hao wawili walifariki mwaka mmoja, 1884. Sasa rugaruga alipata nini? Nyara, sawa. Lakini alipata na kitu kingine: jana hakuwa mtu, leo watu wanampisha njia.

Wajerumani walipoingia hawakulitupa jambo hilo. Waliwatumia rugaruga kuwasaidia askari wao vitani. Askari mwenyewe alilipwa vizuri kuliko kibarua wa shambani, akaoa, akaweka watumishi, akaogopwa. Mpaka leo mlinzi wa getini tunamwita "askari", hata kama silaha yake ni filimbi na tochi iliyokwisha betri. Neno limebaki na vumbi la zamani zile.

Baada ya Uhuru mambo yakageuzwa. Novemba 1970 Guinea ilivamiwa, na Januari 1971 Idi Amin akampindua Obote kule Uganda. Mwezi uliofuata TANU ikatoa Mwongozo wa 1971, ikasema wananchi wenyewe wafundishwe ulinzi. Ndiyo mgambo hao. Amin alipovamia Kagera mwaka 1978, mgambo wengi walikwenda mstari wa mbele. Kulinda kukawa jukumu la jirani, si kazi ya mtu wa bwana mkubwa tu.

Lakini vita ilipokwisha mwaka 1979, silaha nyingine zilibaki mikononi mwa watu wabaya. Usukumani na Unyamwezini wizi wa ng'ombe ukazidi, polisi wakawa mbali na wachache. Mwaka 1982 hivi, vijiji vya upande wa Kahama na jirani zake vikaanzisha sungusungu, jina la wale siafu weusi wang'atao. Wao wenyewe walijiita pia Basalama, yaani watu wa amani. Mwano ukipigwa, kila mwanamume anatoka na upinde na mishale. Asiyetoka anatozwa faini. Na hakuna mshahara!

Hapo ndipo nilipokaa nikafikiri. Watu wasiolipwa walikesha mwaka baada ya mwaka, tena kwa moyo. Kwa nini? Kwanza ng'ombe walikuwa wao na wa jirani zao. Pili, mchungaji ambaye hakuwa na sauti mbele ya afisa yeyote, ndani ya sungusungu alihesabiwa. Wasukuma walipohamia bonde la Rukwa na mifugo yao, walihama na utaratibu huo. Mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa, sungusungu wakatambuliwa. Augustine Mrema alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, kuanzia 1990, doria za namna hiyo zikahimizwa hadi mitaa ya Dar es Salaam.

Tusidanganyane lakini. Sungusungu hao hao walipiga watu, na wapo waliouawa kwa kushukiwa tu, wakiwamo wanawake wazee walioitwa wachawi. Mtu aliyehesabiwa jana, leo alikuwa anaamua nani si mtu.

Uchumi ulipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, maduka na maghala ya watu binafsi yakaongezeka, na kampuni za ulinzi nazo zikaota. Kijana wa kijijini akapewa sare na buti. Mshahara? Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha shilingi 100,000 kwa mwezi kwa kampuni ndogo za ulinzi. Kwa hela hiyo huwezi kusema mtu amefuata utajiri. Wengi wamefuata chakula, hilo nalikubali. Ila wapo wanaobaki miaka na miaka, na hao ndio waliokuwa wananitatiza.

Mmoja nilikuwa naye zamu moja, mzee wa makamo ya baba yangu. Usiku mmoja wa mwezi wa sita, msimu wa mavuno, nilisikia mchakacho nyuma ya ghala. Nikamkuta mtoto wa miaka kama kumi na miwili, ana mfuko wa salfeti wenye chenga alizozoa chini ya mashine ya kukoboa. Alipiga magoti. Akaniita "afande". Msomaji, tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nikampiga rungu la bega. Nikasikia raha. Nasema ukweli, nilisikia raha, nikainua rungu mara ya pili.

Mzee akanishika mkono. "Kijana, umeajiriwa kulinda mpunga. Hukuajiriwa kupiga watoto wa watu."

Akamkalisha mtoto, akamuuliza ni wa nani, akampa chai ya kwenye chupa yake. Asubuhi tulimpeleka kwa balozi wa nyumba kumi, mama yake akaitwa, yakaisha. Mimi sikulala siku ile. Nilipokuja kusoma habari za rugaruga baadaye, sikuwasoma kama watu wa kale. Raha yao nilikuwa naijua.

Basi nimeona hivi. Lindo lina utamu wa aina mbili. Kuna utamu wa kuogopwa, huo unakuja haraka na mtu asiye na cheo hulewa upesi. Na kuna utamu wa kuaminiwa. Huu wa pili ndio niliouona kwa mzee. Wafanyabiashara wakisafiri kwenda Mbeya walimwachia yeye funguo. Akina mama walioleta magunia yao mawili matatu walimwambia yeye, si mwenye ghala, wakamtazama anavyoandika kwenye daftari, taratibu, herufi kubwa kubwa. Mtu ambaye hana shamba la maana wala ng'ombe, chakula cha familia ishirini kilikuwa kwenye neno lake.

Nilipoacha kazi, mama mmoja mwenye magunia matatu mle ghalani alinikuta namkabidhi mzee tochi. Akasimama.

"Sasa mwanangu, zamu yako mpunga wangu namwachia nani?"

Mshahara wa mwisho ulikwisha wiki ile ile. Swali la yule mama bado ninalo, na washikaji wakinikejeli tena, hilo ndilo nitakalowapa.