Bastola M1911: piyesi kuingia si piyesi kukaa sawa

M1911 ni moja kati ya bastola zilizodumu sana duniani. Jeshi la Marekani liliipokea tarehe 29 Machi 1911, na ikabaki bastola yake ya kawaida hadi 1985, ilipochaguliwa Beretta M9. Hata leo viwanda vinaendelea kuitengeneza, na kuna mafundi ambao kazi yao ni kuibadilishia piyesi na kuzilinganisha kwa mkono, moja kwa moja. Kwa macho kazi hiyo inaonekana nyepesi. Kumbe kosa dogo kama unywele linaweza kufanya bastola ipige bila mtu kutaka.

Ilitoka wapi?

Aliyeibuni ni John Moses Browning, aliyezaliwa Ogden, katika jimbo la Utah, mwaka 1855. Kampuni ya Colt njo ilianza kuitengeneza. Browning alifanya kazi pia na kiwanda cha FN cha Herstal, karibu na Liège, inchi ya Ubelgiji, na huko ndiko alikofariki mwaka 1926. Kabla ya kuikubali, jeshi liliijaribu kwa masasi 6,000, na haikuharibika.

Ni bastola ya nusu otomatiki, maana yake kila ukivuta kifyatulio, risasi moja tu inatoka. Nguvu ya mlipuko inasukuma nyuma kile chuma cha juu kinachoteleza, ganda tupu linaruka nje, nyundo inabaki imejikunja, na risasi mpya inaingia ndani ya mtutu. Shajeri yake iko na nafasi ya masasi 7 ya kipimo cha .45.

Juu ya nini ililegea kidogo?

Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, Colt haikuweza kutosheleza jeshi peke yake. Remington Rand, ya mashini za kuandika, iliingia kazini. Union Switch & Signal, ya ishara za njia ya reli, vilevile. Hata Singer, ile ya vyerehani, ilitengeneza bastola 500. Jeshi lilitaka piyesi iliyotoka kiwanda kimoja iingie katika bastola ya kiwanda kingine bila kutumia tupa. Kwa hiyo iliachwa nafasi ndogo kati ya chuma na chuma.

Nafasi hiyo ilikuwa na faida: matope na mchanga havikuikwamisha upesi. Lakini mtutu haukurudi mahali pale pale kila mara, na masasi yakatawanyika kwenye shabaha. Kwa mashindano ya kulenga shabaha, kama yale ya Camp Perry katika jimbo la Ohio, mafundi wa jeshi walianza kuzikaza bastola hizi kwa mkono. Ufundi huo ukaenea kwa raia.

Fundi anafanya nini?

Piyesi za kazi hii zinauzwa zikiwa kubwa kidogo kuliko inavyohitajika. Inaweza kuwa mtutu, pete inayoushika mbele, kifyatulio, ao kizuizi cha kidole gumba. Fundi anajaribu, anaangalia alama mahali chuma kinagusana, anapunguza kidogo sana, kisha anajaribu tena. Anaenda polepole kwa sababu chuma kilichoondolewa hakirudi. Akipitisha kipimo, piyesi hiyo ni ya kutupwa.

Hatari iko wapi?

Ndani ya bastola kuna kipande kidogo kinachoshika nyundo isianguke. Wengi wanaotaka kifyatulio chepesi wanakigusa hicho. Kikipunguzwa vibaya, nyundo inaweza kuponyoka yenyewe, ao risasi mbili tatu zikatoka mfululizo kwa kuvuta mara moja tu.

Kizuizi cha kidole gumba nacho kinadanganya. Kinaingia, kinapanda na kushuka, kinalia vizuri, na mwenyewe anaamini bastola imefungwa. Lakini kazi yake ni kukizuia kile kipande kinachoshika nyundo kisitikisike. Kikiwa kifupi kidogo, hakizuii kitu. Ndiyo maana kizuizi kilicholinganishwa na bastola moja hakihamishwi tu kwenye bastola nyingine, hata kama zote ni M1911.

Mwaka 1983 Colt iliongeza ndani ya bastola zake za Series 80 kipande kinachofunga pini ya kupigia mpaka kifyatulio kivutwe, ili bastola ikianguka isipige. Kuna watu wanaokiondoa ili kifyatulio kiwe laini. Wanapata ulaini, wanapoteza kinga.

Hata kukaza mtutu kuko na mwisho. Bastola iliyobanwa sana inalenga vizuri uwanjani pa mashindano, lakini ikipata vumbi inakwama. Kwa hiyo fundi mzuri anauliza kwanza: bastola hii ni ya kazi gani?

Kazi ikiisha, fundi haamini macho yake. Anahakikisha kila kizuizi kinashika wakati bastola iko tupu. Halafu, mahali pa kujaribia silaha, anaweka risasi moja tu. Ikipita vizuri, anaweka mbili. Hajazi shajeri mara ya kwanza, juu anajua kwamba ikiwa amekosea, bastola haitamngoja avute tena.